Troponini, NT-proBNP au CK-MB: kipimo kipi cha moyo kwa mgonjwa wa kiharusi?

Mzee wa miaka sitini na kitu aliletwa alfajiri na wanawe wawili, mmoja kamshika kwapani, mwingine kabeba viatu vyake. Mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki. Presha 210 kwa 120. ECG, mchoro wa umeme wa moyo, ilionyesha mawimbi ya T yaliyopinduka karibu kifua kizima. Damu ilikwenda maabara, na baada ya saa moja karatasi ikarudi: troponini, protini ya misuli ya moyo, imepanda. Mwenzetu wa zamu aliandika "shambulio la moyo" kwenye faili, akaenda kabatini kuchukua heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Muuguzi mmoja mtu mzima akamuuliza kwa upole, "Daktari, CT ya kichwa si bado?" Heparini ikarudi kabatini. Picha ilipopatikana, damu ilikuwa imevujia ndani ya ubongo, upande wa kushoto.

Ingekuwa kipimo kile kimesomwa peke yake, tungemmalizia mzee wa watu. Ndiyo maana naandika haya kwa daktari kijana na tabibu walio zamu, na pia kwa jamaa waliosimama dirisha la malipo wakiwa na karatasi yenye majina matatu wasiyoyajua, wakijiuliza walipie lipi.

Kabla ya yote, kuna vitu vinavyotangulia vipimo vyote vitatu. Sukari ipimwe papo hapo, maana sukari iliyoshuka huiga kiharusi barabara. CT ifanyike mapema iwezekanavyo. ECG ifanyike. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2019 kuhusu kiharusi cha kuziba mshipa unashauri troponini ipimwe mgonjwa anapofika, lakini unasisitiza isicheleweshe dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo kwa kawaida dirisha lake ni saa 4.5 tangu dalili zianze. Kipimo pekee cha damu kinacholazimu kujulikana kwa kila mgonjwa kabla ya dawa hiyo ni sukari. Kwa hiyo damu ya moyo ichukuliwe, iende maabara, na kazi iendelee bila kuisubiri.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Nimeviweka vitano. Cha kwanza: kipimo kinajibu swali gani hasa? Cha pili: hupanda saa ngapi na hukaa muda gani, kwa sababu kiharusi kina saa zake. Cha tatu: ni kitu gani kinaweza kukipotosha? Cha nne, ambacho kwangu ndicho kizito kuliko vyote: jibu likija, utafanya nini tofauti na ambavyo ungefanya bila hilo jibu? Cha tano ni upatikanaji, yaani mashine, chupa ya damu na mfuko wa mgonjwa.

Ukumbuke pia kwamba moyo na ubongo vinaingiliana kwa njia tatu. Moyo unaweza kuwa ndio uliotuma bonge la damu kichwani. Ubongo ulioumia nao unaweza kuuchoma moyo: homoni za taharuki humwagika kwa wingi, hasa jeraha likigusa insula, kipande cha gamba la ubongo kilichojificha ndani ya mkunjo wa pembeni, na misuli ya moyo huumia hata kama mishipa yake haijaziba. Tena moyo na ubongo vinaweza kuwa vyote vimechoshwa tangu zamani na presha, kisukari na figo. Tarakimu moja kwenye karatasi haikwambii umesimama kwenye njia ipi.

Troponini

*Swali inalojibu.* Je, misuli ya moyo imeumia? Hapo inajibu vizuri kuliko kipimo kingine chochote cha damu. Haisemi imeumizwa na nini, na hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa.

Utafiti wa TRELAS uliofanyika Berlin na kuchapishwa mwaka 2016 ulilitazama jambo hili kwa macho. Wagonjwa 29 wa kiharusi cha kuziba ambao troponini zao zilikuwa juu walipigwa picha za mishipa ya moyo, wakalinganishwa na wagonjwa 29 wa shambulio la moyo waliokuwa na kiwango cha troponini kinachofanana. Kwa wale wa shambulio la moyo, 23 walikutwa na mshipa uliohusika waziwazi. Kwa wale wa kiharusi walikuwa 7 tu, na karibu nusu yao hawakuwa na mishipa ya moyo iliyobana kabisa. Kiwango kilekile cha troponini, habari mbili tofauti.

Miongoni mwa wagonjwa wa kiharusi wenye troponini iliyopanda wapo wenye hali iitwayo takotsubo. Madaktari wa Japani waliipa jina hilo mwaka 1990 kwa sababu moyo huvimba chini na kubana juu, kama chungu ambacho wavuvi wa huko humtegea pweza. Wagonjwa wengi moyo wao hurudi katika umbo lake baada ya majuma kadhaa.

*Mwendo wake.* Huanza kupanda ndani ya saa chache na hukaa juu kwa siku nyingi: troponini I kama siku 7 hadi 10, troponini T hadi 14. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi. Fasili ya kimataifa ya mwaka 2018 inataka kuonekana kwa kupanda au kushuka ndipo jeraha la moyo liitwe jipya, na ili liitwe shambulio la moyo lazima kuwe pia na ushahidi wa damu kukosekana moyoni: maumivu ya kifua, mabadiliko mapya ya ECG, au picha ya eko, yaani ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Pima saa ya kwanza, rudia baada ya saa 3. Kama cha kwanza kilikuwa juu tayari, mabadiliko yanayozidi asilimia 20 yana maana. Yasipofika hapo, fikiria jeraha la zamani.

*Kinachoipotosha.* Figo mbovu huiweka juu muda wote. Moyo kushindwa vilevile, na presha ya miaka mingi. Kwa upande mwingine, biotini ya dozi kubwa, ile ya vidonge vya nywele na kucha, inaweza kuishusha kwa uongo kwenye baadhi ya mashine. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya hilo mwaka 2017. Muulize binti wa mgonjwa mama yake anameza nini.

Halafu kuna jambo la vizio vya kupimia, ambalo limeshatuchanganya mara nyingi. Maabara moja hutoa majibu kwa nanogramu kwa mililita, nyingine kwa nanogramu kwa lita. 0.06 ya kwanza ni sawasawa na 60 ya pili. Nimeona mgonjwa aliyepewa rufaa akiwa na 0.06, akapimwa kule alikopelekwa, ikasomeka 58, na watu wakaanza kukimbia wakidhani imepanda mara elfu. Ilikuwa haijasogea. Troponini T na I nazo hazilinganishwi, na I ya mashine ya kampuni moja hailinganishwi na I ya nyingine. Kwa troponini T ya kizazi kipya, kikomo cha kawaida ni nanogramu 14 kwa lita. Vile vibao vya haraka vya mstari mmoja au miwili ni kitu kingine tena: vingi huonyesha mstari wa pili troponini ikishafika kama 500 kwa lita. Kibao kikisema hapana, kimesema tu kwamba jeraha si kubwa.

*Inabadilisha nini.* Ikipanda na kushuka pamoja na maumivu ya kifua au ECG ambayo sehemu yake iitwayo ST imepanda, inabadilisha kila kitu: daktari wa moyo aitwe usiku huohuo. Ikiwa juu bila kusogea, inakuambia kwamba mgonjwa huyu ana hatari kubwa zaidi ya kufariki au kubaki na ulemavu, hivyo afuatiliwe mapigo kwa karibu na afanyiwe eko. Lakini peke yake haiandiki heparini. Kiharusi cha kutoka damu hupandisha troponini pia, na damu ikivujia chini ya utando wa ubongo hupandisha kwa wagonjwa wengi na kuipindua ECG kiasi cha kumdanganya hata mzoefu.

*Upatikanaji.* Hospitali nyingi za rufaa wanayo, za chini mara nyingi wana vibao tu. Inamfaa mgonjwa yeyote wa kiharusi anayeweza kupimwa mara mbili, na hasa mwenye kifua kinachobana, ECG mpya isiyo ya kawaida, au presha inayoanguka bila sababu.

NT-proBNP na dada yake BNP

*Swali wanalojibu.* Je, kuta za moyo zinavutwa na mzigo wa damu? Herufi B ya BNP inatokana na neno la Kiingereza la ubongo, brain, kwa sababu ya historia: mwaka 1988 watafiti wa Japani waliipata kwanza kwenye ubongo wa nguruwe, baadaye ikagundulika kuwa kiwanda chake kikuu ni vyumba vya chini vya moyo. Jina likabaki. Daktari kijana asidhani kwamba kwa kuwa mgonjwa ana ugonjwa wa ubongo basi BNP inapima ubongo.

*Mwendo.* BNP hupungua kwa nusu ndani ya dakika kama 20, NT-proBNP huchukua saa moja hadi mbili. Kwenye kiharusi huwa juu siku za mwanzo kisha hushuka taratibu. Tofauti yao kubwa iko kwenye chupa: BNP huharibika haraka na huhitaji chupa yenye kifuniko cha zambarau na mashine iliyo karibu. NT-proBNP huvumilia safari. Sampuli yako ikipanda bajaji kwenda maabara ya mtaa wa pili, chagua NT-proBNP.

*Kinachowapotosha.* Umri na figo huwapandisha, unene huwashusha. Fibrilesheni ya atria, yaani vyumba vya juu vya moyo kutetemeka badala ya kupiga, huwapandisha hata kama moyo haujashindwa. Lakini kwenye kiharusi upotoshaji huo unaweza kuwa msaada, kwa sababu fibrilesheni ndiyo tunayoitafuta. Ikijificha wakati wa ECG, NT-proBNP iliyo juu sana inakuambia: endelea kutafuta.

*Wanabadilisha nini.* Kwa mgonjwa anayehema, NT-proBNP chini ya pikogramu 300 kwa mililita, au BNP chini ya 100, inafanya moyo kushindwa ghafla kuwa jambo lisilotarajiwa. Tafuta nimonia ya kupaliwa au bonge la mapafuni. Ikiwa juu, ngazi za NT-proBNP zinazounga mkono moyo kushindwa ni 450 chini ya miaka 50, 900 kati ya 50 na 75, na 1,800 juu ya hapo.

Je, iliyo juu itoshe kuanzisha dawa za kuzuia damu kuganda? Wengi tulitamani iwe hivyo. Jaribio la ARCADIA, lililochapishwa mwaka 2024, lilichukua wagonjwa 1,015 waliopata kiharusi kisichojulikana chanzo na wenye dalili za hitilafu ya chumba cha juu cha kushoto. NT-proBNP iliyozidi 250 ilikuwa mojawapo ya tiketi za kuingia. Baadhi walipewa apiksabani, dawa ya kuzuia damu kuganda, wengine aspirini. Kiharusi kilirudi kwa asilimia 4.4 kwa mwaka pande zote mbili. Kwa hiyo kipimo hiki kinakutuma kwenye eko na kwenye ECG ya muda mrefu, si kwenye duka la dawa.

Kwetu Afrika Mashariki eko hiyo ina uzito wa pekee. Kijana wa miaka 30 mwenye kiharusi anaweza kuwa na vali ya mitrali iliyobana tangu homa ya rumatizimu ya utotoni. Mama aliyejifungua juzi anaweza kuwa na moyo uliotanuka kwa ajili ya uzazi. Wote wawili NT-proBNP zao zitakuwa juu, na tiba zao ni tofauti kabisa. Kwa yule wa vali aliye na fibrilesheni, jaribio la INVICTUS la mwaka 2022 lilionyesha kwamba dawa za jamii ya warfarini ziliwalinda watu kuliko rivaroksabani, dawa mpya zaidi ya kuzuia damu kuganda. Tofauti hiyo huwezi kuiona kwenye chupa ya damu.

*Upatikanaji.* Ni ghali kuliko CK-MB, na vituo vingi havina. Kinamfaa mgonjwa anayehema bila sababu kueleweka, na yule ambaye chanzo cha kiharusi chake hakijulikani huku eko ikiwa na foleni ya siku kadhaa: jibu linaweza kumsogeza mbele kwenye foleni.

CK-MB

*Swali.* Lilelile la troponini, misuli ya moyo imeumia? Tofauti ni kwamba CK-MB, aina mojawapo ya kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK, hukaa pia, kwa kiasi kidogo, kwenye misuli ya mwili.

*Mwendo.* Hupanda saa 4 hadi 6 baada ya jeraha, hufika kileleni kama siku moja, na hurudi kawaida kwa siku 2 au 3. Uharaka huo wa kushuka ndio sifa yake: zamani ilitumika kujua kama moyo umeshambuliwa tena ndani ya wiki ileile.

*Kinachoipotosha.* Kwenye kiharusi, mengi. Mgonjwa aliyeanguka, aliyepata degedege, aliyelala sakafuni usiku kucha kwa upande mmoja, aliyechomwa sindano za msuli, wote huipandisha bila moyo kuguswa. Tena mashine nyingi za zamani hazipimi CK-MB moja kwa moja: huzima sehemu ya misuli kisha kuhesabu kilichobaki, zikidhani kwamba aina ya ubongo, CK-BB, haimo kwenye damu. Kwa mtu ambaye ubongo wake umeumia, dhana hiyo inaweza kuvunjika. Ukiona CK-MB imezidi robo ya CK yote, au hata kuizidi CK yote, ishuku mashine kabla ya kuushuku moyo.

*Inabadilisha nini.* Penye troponini, karibu hakuna. Pasipo troponini, CK-MB mbili zilizo kawaida, zilizochukuliwa kwa saa sahihi, zinapunguza wasiwasi wa shambulio kubwa. Jeraha dogo litapita bila kuonekana.

*Upatikanaji.* Ni rahisi na mashine ya kawaida ya kemia huiweza, hivyo kwa kituo cha mbali siidharau. Ila kwa mgonjwa wa kiharusi ningemlipia CK yote kabla ya CK-MB. Bibi aliyekutwa sakafuni asubuhi, mkojo wake ukiwa rangi ya chai ya rangi, misuli yake inasagika na figo ziko hatarini. Hapo CK, kreatinini na potasiamu vinaokoa maisha, na tiba ya maji ya mshipa inaanza siku hiyohiyo.

D-dima huingizwa mara nyingi kwenye orodha hii. Inapima kuganda na kuyeyuka kwa damu, haipimi moyo. Ina nafasi yake ukishuku bonge la mapafuni au saratani iliyojificha nyuma ya kiharusi, vinginevyo hela yake ina kazi nyingine.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Mgonjwa ana maumivu ya kifua au ECG yenye ST iliyopanda: troponini sasa na baada ya saa 3, CT bila kusubiri majibu, na daktari wa moyo na wa ubongo wazungumze kabla ya dawa yoyote ya kuyeyusha au kuzuia damu kuganda.

CT haipo hapo ulipo: troponini iliyo juu isikupe ruhusa ya heparini wala ya dawa mbili za kuzuia chembe sahani za damu zisishikane kwa pamoja. Andika tarakimu, kizio chake na saa, kisha toa rufaa. Kazi yako kubwa ni njia ya hewa, sukari, joto na kumzuia asilishwe kabla ya kujaribiwa kumeza.

Pesa inatosha aina moja tu ya kipimo: mimi huchagua troponini kama naweza kuipima mara mbili. Ikiwa ni mara moja tu na mgonjwa hana dalili yoyote ya kifua, ECG zinazorudiwa kwa siku mbili tatu za kwanza hunipa zaidi, kwa sababu zinaweza kukamata fibrilesheni, na hilo ndilo jibu litakalobadilisha dawa ya maisha yake.

Mgonjwa ni kijana, au mama wa baada ya kujifungua, au anahema usiku: eko kama ipo leo. Kama haipo leo, NT-proBNP.

Mgonjwa anasafishwa figo: troponini na NT-proBNP zitakuwa juu kabla hujachoma sindano. Tafuta majibu yake ya zamani kliniki, na usome mabadiliko badala ya kiwango.

Siku ya tatu, mgonjwa ametulia, troponini haisogei: usiendelee kuipima kila asubuhi. Hiyo hela ni ya mazoezi ya viungo na dawa ya presha ya mwezi ujao.

Nanyi mlio jamaa, mkiambiwa "kipimo cha moyo kimepanda", muulizeni daktari mambo matatu kwa heshima: kimepimwa saa ngapi, kitarudiwa lini, na CT imesemaje. Karatasi zote ziwekwe bahasha moja pamoja na ECG, pasipo kukata pembe yenye jina la maabara na kizio kilichotumika. Siku ya kliniki mpelekeeni daktari bahasha nzima, hata kama mgonjwa amekwenda kwa miguu yake.